Kurudia Hisabati Ukubwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha hisabati darasa la jioni, Tanga, kwa watu wazima: waliofeli, walioacha shule, na waliofaulu zamani wakasahau. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila muhula. Machache huulizwa darasani. Mengi huulizwa mlangoni, kwa sauti ya chini, wengine wakishatangulia.

## Kabla ya kufungua daftari

1. Nilipata F. Kweli mtu kama mimi anaweza kurudi akaelewa?

Anaweza. Ile F inasema tu kwamba siku ile alama zako hazikufika 30. Haisemi uzi ulikatikia wapi, na hilo ndilo la kutafuta kwanza.

Nikikaa na mgeni nusu saa, yeye na karatasi yake, karibu kila mara nakuta umekatikia darasa la nne au la tano: sehemu, desimali, kugawanya kwa njia ndefu. Mtu anakuja akilalamika kwamba logi zimemtoka kichwani, kumbe ukimwuliza kati ya 2/3 na 3/4 ipi kubwa anababaika. Huyo hakusahau hisabati ya kidato cha nne. Hakuwahi kuipata, kwa sababu ilijengwa juu ya shimo.

2. Nina miaka 46. Akili si imeshachoka?

Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret, Kenya, Januari 2004, akiwa na miaka 84. Wewe bado kijana.

Kinachopungua kweli ni kasi ya kukariri, kwa hiyo utarudia jambo mara tano pale mtoto anaporudia mara mbili. Lakini una akiba ambayo mtoto hana. Umeshakopa ukalipa riba, umeshapima kitambaa, umeshagombana na konda juu ya chenji. Nikisema "uwiano" mtoto ananitazama tu, ila fundi ujenzi anajibu "moja, mbili, nne", maana ndivyo anavyochanganya saruji, mchanga na kokoto kila siku.

3. Nianzie darasa la ngapi?

Chini kuliko unavyotaka. Fanya hesabu hizi sita kwa kalamu, bila simu:

403 − 178
7 × 8
2/3 + 1/4
0.3 × 0.2
−5 − 3
15% ya shilingi 80,000

Majibu ni 225, 56, 11/12, 0.06, −8 na shilingi 12,000. Ulipokwama kwa mara ya kwanza ndipo pa kuanzia, hata kama ni kwenye kutoa kwa kukopa. Kosa linaloongoza ni la nne: wengi huandika 0.6. Kumbuka 0.3 × 0.2 ni sehemu mbili ya kumi ya 0.3, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa kubwa kuliko 0.3 yenyewe.

Nunua kitabu cha darasa la tano. Kama unaona haya, mwambie muuzaji ni cha mwanao. Nusu ya darasa langu walisema hivyo.

4. Itachukua muda gani?

Dakika 40 kwa siku, siku tano kwa wiki, mtu hutoka kwenye sehemu mpaka kwenye milinganyo kwa miezi minne hadi sita. Anayesoma Jumamosi tu, saa nne mfululizo, huchukua mwaka, na kila Jumamosi anaanza kwa kukumbuka ya Jumamosi iliyopita.

## Lugha

5. Shule ya msingi nilikuwa hodari. Sekondari hisabati ikanipotea. Nini kilitokea?

Kwa Mtanzania aliyesoma shule ya serikali, jibu mara nyingi ni lugha. Miaka saba umejifunza kujumlisha, kuzidisha, sehemu, mzingo na eneo kwa Kiswahili. Halafu Januari moja unaingia kidato cha kwanza, mwalimu yuleyule Mswahili anageuka ubaoni na kuanza Kiingereza. KDS uliyoizoea, kigawe kidogo cha shirika, inaitwa LCM. MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, inaitwa BODMAS. Hesabu ni ileile, wewe unadhani ni kitu kipya, unaanza kukariri upya bila kujua kwamba tayari unakijua.

Nina mwanafunzi, mama anayeuza samaki soko la Deep Sea, aliyekaa wiki mbili akisema "prime numbers" hazimwingii. Siku nilipomwonyesha kwamba lile neno la kidato cha kwanza na "namba tasa" ya darasa la sita ni kitu kimoja, alifunga daftari, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, kwa nini hawakusema?"

Dawa yake ni daftari dogo lenye safu tatu: neno la Kiswahili, neno la Kiingereza, mfano mmoja. Kiasi ni namba ya juu ya sehemu, asili ni ya chini. Kipeo ni kile kinamba kidogo cha juu, na kipeuo ni kazi ya kinyume chake: kipeo cha pili cha 5 ni 25, kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Wengi huchanganya haya mawili kwa sababu ya irabu moja tu. Shufwa ni 2, 4, 6, na witiri ni 1, 3, 5. Ukijaza maneno 60 utaona somo limepungua uzito kabla hujafanya hata hesabu moja mpya.

6. MAGAZIJUTO inasema JU kabla ya TO. Kwa hiyo lazima nijumlishe kabla ya kutoa?

Hapana, na hapa ndipo neno hilo zuri linapotuangusha. Mabano kwanza, sawa. Kisha kugawanya na kuzidisha, kisha kujumlisha na kutoa. Lakini kujumlisha na kutoa ni ndugu wa tumbo moja, hakuna mkubwa. Unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia.

Chukua 10 − 4 + 3. Anayefuata herufi kama zilivyo anajumlisha 4 na 3 kwanza, anapata 10 − 7 = 3. Jibu sahihi ni 9: ulikuwa na kumi, ukatoa nne, ukaongezewa tatu.

Kwenye GAZI hutaumia. Hata ukigawanya kwanza kila mara, jibu linatoka vilevile: 6 × 4 ÷ 2 ni 12 kwa njia zote mbili, na 24 ÷ 2 × 3 ni 36 ukianzia kushoto, ambako kugawanya kumetangulia kwenyewe. Aliyezoea BODMAS ya Kiingereza naye ana mtego huohuo mwishoni. Kwa hiyo shaka yako iweke kwenye JUTO, huko ndiko kwenye majuto.

## Sehemu, ambako wengi tuliachwa

7. Kwa nini siruhusiwi kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini?

Jaribu kwa nusu na nusu. Juu kwa juu ni 2, chini kwa chini ni 4, jibu 2/4, yaani nusu. Nusu mkate na nusu mkate zimekuwa nusu mkate. Mtu kala.

Namba ya chini haihesabu kitu, inataja aina ya vipande, kama jina. Huwezi kujumlisha thumni (1/8) na sudusi (1/6) mpaka uvikate vipande vyote viwe na ukubwa mmoja. Watu wa pwani wanalijua hili kwenye mirathi ya Kiislamu hata kama hawajawahi kuliona ubaoni. Marehemu ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke anapata 1/8, mama 1/6, mtoto anachukua kinachobaki. Kinabaki kiasi gani?

Tafuta namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 8 na kwa 6. Hiyo ni 24, ndiyo KDS. Sasa kata mali yote mafungu 24. Thumni ya mali ni mafungu 3, sudusi ni mafungu 4. Mke na mama wana mafungu 7, mtoto ana 17/24. Kama ni shilingi milioni 12, fungu moja ni 500,000: mke 1,500,000, mama 2,000,000, mtoto 8,500,000. Jumlisha mwenyewe uone kama inarudi milioni 12. Tabia hiyo ya kurudisha jumla ina faida kuliko kanuni yoyote nitakayokufundisha.

Na tazama hazina tuliyonayo: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui, ushuri. Lugha yenye jina pekee kwa kila sehemu kutoka ya pili mpaka ya kumi, halafu wenyewe tunasema sehemu ni ngumu.

8. Kwenye kugawanya sehemu, kwa nini tunapindua ya pili na kuzidisha?

Una pishi 3 za mchele na unafunga vifuko vya kibaba kimoja kimoja. Pishi moja ni vibaba vinne, kwa hiyo kibaba ni 1/4 ya pishi. Vifuko vitakuwa 12. Umefanya 3 ÷ 1/4, lakini kichwani umefanya 3 × 4. Hakuna aliyekwambia upindue.

Sasa funga vifuko vya vibaba vitatu vitatu, yaani 3/4 ya pishi. Vibaba ni vilevile 12, ila kila kifuko kinakula vitatu: vifuko 4. Umezidisha kwa 4 kisha ukagawanya kwa 3, ndiyo 3 × 4/3. Kupindua ni njia fupi ya kuandika safari hiyo.

9. Lazima nikariri tebo?

Ndiyo. Samahani.

Lakini si nyingi unavyodhani. Katika tebo ya 1 mpaka ya 10, ondoa za 1, 2, 5 na 10 ambazo unazijua. Kisha kumbuka 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja. Zinabaki hesabu 21 tu. Ziandike kwenye vikaratasi, tembea nazo kwenye daladala.

## Hasi na herufi

10. Hasi mara hasi inakuwaje chanya? Niliambiwa "kubali tu".

Usikubali tu. Andika ngazi hii na ushuke nayo:

3 × (−2) = −6
2 × (−2) = −4
1 × (−2) = −2
0 × (−2) = 0

Kila ukishuka hatua moja kushoto, jibu linapanda kwa 2. Hatua inayofuata kushoto ni −1. Jibu baada ya 0, ukipanda 2, ni 2. Kwa hiyo (−1) × (−2) = 2. Likiwa jingine lolote, ngazi imevunjika.

Ukipenda pesa: mtu akikuondolea madeni matatu ya shilingi 2,000, umekuwa na nafuu ya 6,000.

11. Hii x ni nini hasa, na kwa nini "ikivuka inabadilika alama"?

x ni bei ambayo hukuiuliza. Umemtuma mtoto dukani na shilingi 5,000, alete nazi tatu na mkaa wa 2,000. Amerudi na chenji ya 600, bei ya nazi hakumbuki. Alichotumia ni 4,400. Basi:

3x + 2,000 = 4,400

Fikiria mizani ya sokoni, vitanga viwili vimelingana. Ukitoa 2,000 upande mmoja lazima utoe 2,000 upande wa pili, la sivyo mizani inalala. Inabaki 3x = 2,400. Gawanya pande zote kwa 3: nazi ni 800.

Hakuna kilichovuka popote. Ule msemo wa "ikivuka inabadilika" ni kivuli cha kutoa pande zote mbili, na ni kivuli chenye hatari, kwani anayeukariri hufika kwenye 3x = 2,400 akaivusha ile 3 na kuandika x = 2,400 − 3. Nimesahihisha kosa hilo mara nyingi kuliko kosa lingine lolote la aljebra.

Neno aljebra lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, katika kichwa cha kitabu alichoandika Al-Khwarizmi, Baghdad, karne ya 9. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu hesabu za mirathi, kwa hiyo wale wa swali la 7 wako nyumbani.

## Asilimia na mfuko

12. Bei ikipanda 20% kisha ikashuka 20%, si inarudi palepale?

Hairudi. Gauni la 50,000 likipanda 20% linakuwa 60,000. Sasa 20% ya 60,000 ni 12,000, linashuka hadi 48,000. Kila unapoona asilimia, uliza: asilimia ya nini? Wafanyabiashara wa "punguzo kubwa" wanaomba usiulize.

13. Risiti ni 118,000 pamoja na VAT ya 18%. VAT ni kiasi gani?

Ni 18,000. Anayepiga 18% ya 118,000 anapata 21,240 na kujipunja, kwa sababu 18% ilihesabiwa kwenye bei ya kabla ya kodi. Bei hiyo pamoja na kodi ni 118% yake, kwa hiyo gawanya kwa 1.18 kwanza: 100,000. Ni swali la 12 lililovaa suti.

14. Kikoba chetu kinatoza 10% kwa mwezi. Hiyo ni 120% kwa mwaka?

Kama unalipa riba kila mwezi na deni linabaki lilelile, ndiyo, 120%. Kama hulipi na riba inaingizwa kwenye deni, kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.1, na baada ya miezi 12 mkopo wa 100,000 unakuwa karibu 313,800. Riba peke yake imezidi mara mbili ya ulichokopa. Piga kwa mkono mwezi kwa mwezi, usiniamini mimi.

## Mtihani

15. Sikusoma sekondari kabisa. Naweza kufanya mtihani wa kidato cha nne?

Kwa Tanzania, njia ni Mtihani wa Maarifa, wengi wanauita QT. Ukifaulu huo, unaruhusiwa kujiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, ina masomo kwa watu wa namba hii. Tarehe za kujiandikisha na ada fuata tangazo la Baraza la Mitihani la mwaka husika, si la jirani aliyefanya mwaka juzi.

16. Narisiti, yaani narudia mtihani wa kidato cha nne. Nataka D tu, nisome nini?

D inaanzia 30, C inaanzia 45. Nimeona watu wakiifuata D wakakosa kwa alama mbili, kwa hiyo lenga 45. Anza na mada zinazokaa karibu na maisha: namba na sehemu, uwiano, faida na hasara, takwimu, seti, milinganyo. Andika hatua zote, maana hatua zina alama hata jibu likikosewa. Matrisi na vekta ziache mwishoni.

## Hali za pembeni

17. Nikiona namba moyo unaenda mbio. Nilichapwa sana kwenye hesabu.

Uko na wengi. Nina mwanafunzi, dereva wa lori, ambaye hakubali kuja ubaoni mpaka leo, na simlazimishi. Anafanya kwenye daftari, ananipa, natia vema. Anza kila kikao na hesabu tatu ambazo una hakika nazo. Kama mwalimu wako wa sasa anakejeli, hama.

18. Naandika 63 badala ya 36, na safu zinapishana.

Kwanza kapime macho. Baada ya 40 wengi wanahitaji miwani ya kusomea, na nimemwona mtu "mjinga wa desimali" aliyekuwa haioni nukta tu. Kisha tumia daftari la vibox, tarakimu moja kila kibox. Kama tangu utotoni namba zimekuwa zikikugeukia, ipo hali inayoitwa diskalkulia, na haina uhusiano na uvivu. Tumia kikokotoo bila aibu na weka nguvu kwenye kuelewa.

19. Kuna programu ya simu inayopiga picha hesabu na kutoa jibu. Niitumie?

Itumie baada ya kujaribu, uone hatua gani ulikosea. Ukiitumia kabla, imesoma simu.

20. Fundi wangu anapima kona kwa kamba ya 3, 4, 5. Ni uganga gani?

Ni kanuni ya Pythagoras ya pembetatu. 3 × 3 ni 9, 4 × 4 ni 16, 5 × 5 ni 25, na 9 + 16 = 25. Mita 3 ukutani huku, mita 4 kule, na kamba ya kukatiza ikitoka mita 5 kamili, kona ni pembe mraba. Ikizidi au ikipungua, msingi umepinda, mwambie kabla hajamwaga zege.

21. Mwanangu anasema kuna hesabu ambayo 9 + 5 ni 2. Ananitania?

Hakutanii, na wewe unaifanya kila siku. Ukiondoka saa tisa alasiri na safari ni ya saa tano, unafika saa mbili usiku. Kwenye saa, ukifika 12 unaanza upya, kinachobaki ndicho jibu.

Ndiyo maana pia kubadili saa zetu kuwa za Kizungu unaweza kujumlisha 6 au kutoa 6, na jibu ni lilelile. Saa kumi jioni: 10 − 6 ni 4. Au 10 + 6 ni 16, ondoa 12, ni 4. Inatokea hivyo kwa kuwa 6 na 6 ni 12, duara moja kamili.

Mpe mwanao hii: sasa ni saa tatu, je, baada ya saa 100 mshale utakuwa wapi? Mwache agawanye 100 kwa 12 na kushika mabaki. Akileta saa saba, yuko sawa. Akikuuliza ni saa saba ya mchana au ya usiku, mwambie arudie, safari hii kwa 24.